Choroko Nilizomwoteshea Mkwe Wangu

Ipo siku moja, mwanangu Atupele, ambayo nikisikia tu harufu ya kakao inayovundikwa inanirudia yote, na hata kikombe cha chai nilichoshika nakiweka chini. Sijawahi kukusimulia. Kaka zako nao hawaijui. Nilidhani nitazeeka nayo peke yangu, tena ningefurahi iwe hivyo. Lakini jana ukanitumia ile picha kwenye simu: chupa ya kioo imejaa choroko zilizoota, mdomo umefungwa kwa nailoni, imekaa karibu na jiko la mkaa, na chini umeandika, "Mama, hizi za baba mkwe, tumbo linamsumbua. Kesho mchana anakula." Ukaweka na kikaragosi kinachocheka.

Mimi sikucheka. Nilikupigia, simu yako haikupatikana. Nikapiga tena, ikawa vile vile. Asubuhi hii nimepanda bodaboda kutoka Mwaya mpaka hapa kwako Talatala bila hata kunywa uji, na yule dereva akaniuliza, "Mama, kuna msiba?" Nikamwambia endesha, baba, endesha tu.

Basi kaa. Hiyo chupa iache hapo hapo mezani, usiifungue kwanza. Umesema baba mkwe wako anarudi kutoka shambani saa saba, na sasa ni saa nne na kitu. Nafasi ninayo ya kusema yote. Ila nitakuwa naangalia saa, unisamehe, ndivyo nilivyo, na ukisikiliza utajua nimekuwaje hivi.

Nilipoolewa pale Mwaya nilikuwa na miaka kumi na tisa na kimbelembele cha kutosha kijiji kizima. Baba yako alikuwa akisafirisha ndizi kwenda Mbeya, akikaa huko siku tatu, nne. Nilibaki na wazazi wake. Bibi yako ndiye aliyenipokea na kunifundisha kila kitu, mpaka namna ya kukausha usipa, dagaa wetu wa ziwani, bila kuwaachia kuku. Na babu yako? Babu yako nilikuwa simjui sura. Usicheke! Mwaka mmoja na nusu tuliishi uwanja mmoja, na ningekutana naye sokoni nisingemtambua.

Ninyi wa siku hizi mnakaa na wakwe sebuleni, mnasikiliza nao taarifa ya habari. Kwetu sisi mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Nikisikia anakuja, naingia migombani, au najifunika kanga kichwani nainama mpaka apite. Jina lake sikulitamka hata siku moja. Nilimjua kwa kikohozi chake, kwa mabuti yake ya mpira yakitembea kwenye matope, na kwa vyombo vyake vikirudi jikoni. Chakula nilipika mimi, bibi yako akampelekea. Siku bibi yako akiwa hayupo, nilikiweka sufuriani juu ya kigoda nje ya mlango wake, nikagonga mfuniko kwa kijiko, halafu mbio nyuma ya jiko. Naye akimaliza, anarudisha kigodani na kugonga. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Sasa, tumbo. Babu yako alikuwa mtu wa wali na usipa, wali na usipa. Maharage akila yanamjaza gesi mpaka halali. Mboga alisema ni chakula cha mbuzi. Basi anafunga choo siku tatu, siku nne, tumbo limekaza, na bibi yako anakuja jikoni ananong'ona, "Leo tena mzee hajapata choo." Mimi nasikia aibu, nafanya kama sijasikia, lakini kichwani nimelishika. Zahanati walimwambia ale jamii ya kunde na mboga, anywe maji. Akarudi akasema kunde ndizo zinazomuua, hao wanataka nini.

Mwezi ule kanisani kwetu kulikuwa na mkutano wa akina mama, akaja muuguzi mmoja mgeni kutufundisha mambo ya chakula. Akatuonyesha choroko alizoziloweka na kuziacha zichipue, zina vikia vyeupe. Akasema mbegu ikichipua inalainika, ile hali ya kujaza gesi inapungua, tumbo linaipokea vizuri, na choo kinakuwa laini. Mwanangu, mimi sikusubiri mwisho! Nilisimama katikati ya somo nikatoka, nikajifanya mimba inanisumbua, kumbe nataka nifike nyumbani kabla mwanamke mwingine yeyote hajampelekea bibi yako hiyo habari. Nilikuwa na mimba ya kaka yako mkubwa, kwa hiyo hakuna aliyenishangaa. Aliyoyasema yule muuguzi baada ya mimi kutoka, nilikuja kuyajua kwa machozi.

Choroko nilinunua mjini Kyela, kwenye duka la mzee mmoja aliyekuja zamani kutoka pwani. Namshukuru mpaka leo yule mzee. Nilinyoosha kidole kwenye gunia, akaniuliza, "Za kula au za kupanda, binti? Hizo za rangi zimetiwa dawa, usije ukaua watu." Ningekuwa na akili ningekumbuka kwamba kitu kinachoitwa mbegu kinataka maswali. Nikachukua za kula, nikarudi.

Za kwanza zilikwenda vizuri sana. Niliziosha, nikaziloweka, nikamwaga maji, nikazifunika kwa kitambaa, nikazisuuza asubuhi na jioni. Siku ya tatu zikawa na vikia. Nikazipika kwa kitunguu na mawese kidogo. Nilizipika kwa sababu kila kitu tulikuwa tunapika, si kwa sababu nilijua. Bibi yako akampelekea. Kesho yake akaja jikoni anacheka, "Amepata choo! Tena amesema, mwambie aliyepika, ndaga fijo." Asante sana! Mwaka na nusu sijawahi kupata neno kutoka kwa mtu yule, na sasa amenishukuru. Kichwa kilinivimba, mwanangu. Niliimba siku nzima.

Ndipo likaja juma lile la mvua. Mvua za Kyela unazijua, majaruba ya mpunga yanakuwa ziwa, kuni zinatoa moshi tu. Ikatokea msiba Ikolo kwa ndugu zake bibi yako, akaenda kukaa huko matangani. Karibu majirani zetu wote walikwenda, maana marehemu alikuwa mtu wa watu. Babu yako alitangulia kuzika akarudi, kwa sababu kakao ilikuwa kashani inavundikwa kabla ya kuanikwa, na mtu haachi kakao bila wa kuigeuza. Baba yako yuko Mbeya. Nikabaki mimi na mkwe wangu ambaye siruhusiwi kumwona.

Kabla ya kuondoka bibi yako akaniambia, "Mzee amefunga tena. Mwoteshee zile choroko zako." Nikaloweka siku hiyo hiyo. Lakini kulikuwa na baridi ya mvua, choroko zikagoma. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili vidoti tu. Na mimi nasikia mabuti yakienda chooni na kurudi, yakienda na kurudi, mzee wa watu anahangaika. Nikasema moyoni, hizi zinataka joto. Na joto liko wapi siku ya mvua? Kwenye kasha la kakao.

Unajua kakao ikivundikwa chini ya majani ya migomba inavyopata moto, ukitia mkono unautoa. Nikafunga choroko zangu kwenye jani la mgomba, nikasubiri babu yako aende jaruba, nikazichomeka pembeni mwa kasha, nikafunika. Nilijiona nina akili kuliko muuguzi! Siku iliyofuata, alipotoka tena, nikazifukua. Jamani, zilikuwa zimetoa vikia virefu kama kidole cha mtoto. Lakini zilikuwa na utelezi. Na harufu ya uchachu ilikuwepo, ila kila kitu pale kilinuka uchachu wa kakao: kasha, majani, mikono yangu, hata kanga. Nikajiambia ni kakao hiyo. Nikazisuuza mara tatu mpaka utelezi ukapungua.

Kuni zilikuwa mbichi. Hilo nalo lazima nilikiri. Nilipuliza moto mpaka macho yakawa mekundu, haukuwaka, nikakasirika. Nikakumbuka mwanamke mmoja aliwahi kusema mboga mbichi ndiyo yenye nguvu. Basi nikazikatia nyanya na kitunguu, nikakamulia ndimu, nikatia chumvi, nikaziweka kigodani na wali wa asubuhi. Mbichi. Nikagonga mfuniko, nikakimbia. Na sikuonja hata punje moja, maana chakula cha baba mkwe mkamwana hakigusi mdomoni.

Chombo kilirudi kikiwa kitupu. Nikafurahi.

Asubuhi yake ndiyo siku ninayokwambia.

Niliamshwa na mabuti. Yalikwenda chooni. Yalirudi. Kabla sijamaliza kukunja mkeka, yakaenda tena. Mwanzoni nikatabasamu, eti choroko zinafanya kazi! Nikaweka uji motoni. Yakaenda tena. Safari hii hayakuwa mabuti, ilikuwa miguu mitupu, inakokota. Kisha nikasikia anatapika. Tabasamu likanitoka, na tangu hapo nilihesabu. Mara ya tano. Mara ya sita. Ya saba hakufika, nilimsikia akishika ukuta.

Mwanangu, nilisimama nyuma ya jiko nimeshika mwiko wa uji. Niende? Sijawahi kuvuka ule uwanja mtu yule akiwepo. Nikimwona katika hali ile, hana nguo za heshima, anajichafua, nitakuwa nimemvunjia heshima yake yote, na bibi yako akirudi nitamwambia nini? Nisipoenda? Na je, akifa? Nikawaza watu wakirudi kutoka msibani, wanakuta msiba mwingine, na mwanamke aliyebaki peke yake na marehemu ni mimi, na chakula cha mwisho ni changu. Unajua watu wetu wanavyosema kwenye mambo hayo. Nikamwita jirani wa kulia. Kimya. Wa kushoto, kimya. Nikagonga mfuniko kwa kijiko, kwa nguvu, nikidhani labda atajibu kwa kugonga cha kwake. Hakujibu. Uji uliungua sufuriani, ninausikia unavyonuka, na miguu haitaki.

Kisha hata miguu yake sikuisikia tena. Ule ukimya, Atupele! Afadhali kutapika.

Nikavuka uwanja.

Alikuwa amelala sakafuni karibu na mlango. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona babu yako usoni, na mpaka leo nikimkumbuka namwona vile: macho yamezama, midomo imekauka imepasuka, uso wa baba yako kabisa lakini umezeeka kwa siku moja. Aliponiona alijaribu kuvuta shuka ajifunike, mkono ukashindwa. Akageuzia uso ukutani. "Usije, mwanangu," akasema. "Usije."

Nikamjibu, "Baba, nimeshakuja."

Kliniki walikuwa wametufundisha maji ya sukari na chumvi kwa watoto wanaoharisha: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari visivyofurika, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Somo hilo sikutoka kabla ya mwisho, Mungu alinisaidia. Nilimnywesha kijiko kimoja kimoja, huku nimegeuza uso pembeni, kana kwamba kugeuza uso kulikuwa na maana yoyote wakati huo. Akitapika nasubiri kidogo, naanza upya. Kisha nikakimbia barabarani mvuani na tumbo langu la miezi sita, nikapiga kelele mpaka akatokea mtu na baiskeli. Tukampandisha kwenye keria. Mwenye baiskeli akashika usukani akikokota, mimi nikamshika mkwe wangu mgongoni kwa mikono miwili, nimemkumbatia kabisa asianguke, na hivyo tukaenda kwenye matope mpaka zahanati. Tulipishana na wanawake wawili. Walitazama, wakainamisha macho. Nilitamani ardhi inimeze lakini mikono sikuitoa.

Wakamtundikia dripu. Mganga wa zahanati akanivuta pembeni, "Amekula nini?"

Hapo, mwanangu, ndipo nilipokaribia kuharibu zaidi. Nilitaka kusema sijui. Ulimi ulikuwa tayari. Nilitaka kusema labda ni usipa, labda ni chakula cha msibani. Nikamtazama mzee kitandani, akakohoa kile kikohozi chake, kidogo tu, na nikalia pale pale, nikasema yote: choroko, kasha la kakao, utelezi, ndimu, kuni mbichi. Mganga hakunikaripia sana. Akaniambia, "Joto na unyevu unaochipusha mbegu ndio huo huo unaozalisha vijidudu. Vinakua pamoja na vikia vyako. Ukizipika vizuri vinakufa. Ukimpa mgonjwa au mzee zikiwa mbichi, unacheza na maisha yake." Kisha akatazama tumbo langu, akauliza kama nami nilikula. Nilipojibu hapana, alishusha pumzi. Na hilo la kupika ndilo muuguzi alilisema mwishoni mwa somo. Nilikuja kuwauliza wenzangu. Wote walikuwa wamelisikia.

Siku mbili nilikaa kwenye benchi la zahanati nikihesabu matone ya dripu. Bibi yako alifika mbio kutoka Ikolo, tope mpaka magotini. Nikapiga magoti nikamwambia. Akauliza neno moja tu, "Hukuonja?" Nikasema, "Mama, ningeonjaje chakula cha baba?" Akaketi.

Aliyenisema ni babu yako. Siku ya tatu alikaa kitandani, akamwambia bibi yako asimame katikati yetu na kufungua kanga yake kama pazia, ili mila ipate kitu cha kushika. Nikakaa upande huu nimeinama, yeye upande ule. Akasema, na sauti yake nilikuwa sijawahi kuisikia ikisema maneno mengi hivyo:

"Mwanangu, zile choroko niliziona zina utelezi. Nilizinusa, nikajua zimeharibika. Nikala zote. Unajua kwa nini? Niliogopa nikirudisha chombo na chakula utaona haya, na sina njia ya kukwambia. Nawe ulinisikia naenda chooni asubuhi nzima, ukaogopa kuja. Mimi nilikuheshimu, wewe ukaniheshimu, na heshima yetu karibu inizike. Sasa sikiliza. Ukinipikia, onja kwanza, mimi nimekuruhusu. Na mimi nikila, kikiwa kizuri nitagonga mfuniko mara mbili. Kikiwa kibaya nitagonga mara moja, nawe usilie, mwaga, upike kingine. Na siku usiposikia mlio wowote wa mfuniko, usiulize mila inasemaje. Njoo."

Nilipiga makofi ya heshima nyuma ya ile kanga, basi.

Tangu hapo niliendelea kumwoteshea choroko, usidhani niliacha. Nililia wiki nzima nikisema sitagusa tena, yeye mwenyewe akamtuma bibi yako, "Mwambie nataka choroko zangu, lakini zipikwe." Tumbo lake lilikaa vizuri, na maji alikunywa, na mboga za mbuzi akazila. Miaka mingi nilisikia mfuniko mara mbili. Kule kugonga mara moja nilikusikia kama siku tatu hivi, nikamwaga, nikapika kingine, na hakuna aliyekufa. Alipokuja kuondoka aliondoka kwa uzee wake, usingizini, akiwa ameshakubeba wewe mgongoni.

Sasa nakuuliza wewe. Umejuaje kwamba tumbo la baba mkwe wako linamsumbua? Umeambiwa na mume wako. Wewe mwenyewe umemwuliza lini limeanza? Umemwuliza kama anaona damu chooni, kama amepungua mwili? Hujamwuliza. Mnatazama naye taarifa ya habari kila siku na hujamwuliza! Basi usione sisi wa zamani tulikuwa wajinga.

Lishike hili, mwanangu. Kuotesha choroko ni jambo jema na zina faida tumboni, sitakukataza. Lakini nunua za kula, uliza kabisa kama hazijatiwa dawa ya kupandia. Chambua, toa zilizovunjika. Chombo kioshwe kwa maji ya moto. Loweka kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha mwaga maji yote, zisiogelee. Funika kwa kitambaa safi kinachopitisha hewa, hiyo nailoni itoe. Suuza asubuhi na jioni kwa maji safi, na mikono yako iwe safi. Ziweke kivulini, penye hewa, mbali na jiko, na zikichelewa ziache zichelewe, usizikimbize. Zikiwa na vikia vifupi zipike siku hiyo hiyo, zichemke hasa, ndipo umpe. Mzee, mgonjwa, mtoto, na wewe mwenyewe ukipata mimba, msile mbichi, hata mtu wa kwenye simu aseme nini. Anza na kidogo, tumbo lizoee. Ukiona utelezi, ukisikia uchachu, usisuuze ukajidanganya kama mimi. Mwaga. Na wala si dawa ya kila tumbo. Akiwa na damu, au maumivu yasiyoisha, au anakonda, choroko weka pembeni umpeleke hospitali. Tena ukihudhuria somo la mtu, kaa mpaka mwisho.

Sasa ifungue hiyo chupa. Usinipe mimi, nusa mwenyewe.

Eeh. Nimeuona uso wako.

Tia kidole. Inateleza? Basi usilie, mwanangu, hajala, hajala bado, ni saa sita kasoro. Mungu wangu, asante. Kazimwage shimoni, ufukie, kuku wasifike. Chupa ichemshe. Leo mpikie ndizi na mboga za majani, loweka choroko nyingine jioni, keshokutwa zitakuwa tayari. Na akirudi, umpe maji ya kunawa, umwambie, "Baba, nasikia tumbo linakusumbua, niambie linakuwaje." Ataona haya, atakohoa. Msubiri. Atasema.

Ngoja, usiende. Kwenye mkoba wangu, chini ya kanga yangu, kuna kitu kigumu. Kitoe. Ndiyo, mfuniko. Huo mbonyeo katikati ni wa kijiko cha babu yako, miaka yote ile aligonga pale pale. Nilitaka nizikwe nao, lakini naona wewe unauhitaji kuliko mimi. Mfunikie nao chakula leo, na umweleze maana yake.

Kyala akusaje, mwanangu. Mungu akubarikie mikono yako, akubarikie jiko lako, na kila atakayekula kwako aamke asubuhi akiwa mzima. Mimi nitakaa hapa hapa. Chai yako nimeiona, lakini sitainywa mpaka nisikie amegonga mara mbili.